Mlango Haukuwa Umefungwa: Barua kwa Vijana wa Mkesha wa Ijumaa

Wanangu na wajukuu zangu wa mkesha wa Ijumaa hapa Mbagala, Bwana Yesu asifiwe.

Haya ningewaambia kwa mdomo, lakini siku hizi nikisimama kuongea pumzi inaisha kabla ya maneno, nanyi mkiona babu anahema mnaanza kunionea huruma badala ya kusikiliza. Kwa hiyo mimi natamka, mjukuu anaandika. Barua naiacha wazi. Wa kanisa lingine ikimfikia, asome tu, hatumtozi.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mmoja wenu alinifuata pale chini ya mwarobaini na daftari la michango. Nikamuuliza ni harusi au msiba. Akasema si harusi wala msiba, babu, tunachangia safari. Wawili kati yenu waende kumwona mtumishi mmoja upande wa pili wa jiji, kwa niaba ya kikundi. Kumbe kumwona kuna ngazi. Ukienda mikono mitupu unakaa hemani na umati, unaombewa kwa jumla. Ukiwa na bahasha unapewa namba, unaingia chumba cha ndani, unamweleza shida yako ana kwa ana. "Babu, maombi ya yule yanafika," kijana akaniambia, na macho yake yalikuwa ya mtu mkweli kabisa.

Sikubishana naye. Nilimpa elfu mbili ya soda nikamwambia ya safari sina. Lakini neno lile lilinikosesha usingizi. Yanafika. Maana yake ya kwenu hayafiki? Miaka mitatu mnakesha, mnaimba mpaka jirani anakuja kulalamika na khanga begani, kumbe muda wote huo mnaamini mnaongea na mabati?

Siwalaumu sana. Jiji limetulea hivyo. Hapa Dar chumba cha kupanga hukipati bila dalali, na kodi ya mwezi mmoja ni yake. Kiwanja kina dalali, gari la mtumba lina dalali. Ukitafuta kazi, swali la kwanza si umesoma nini, ni "una mtu pale?" Mtoto anakua akijua kwamba nyuma ya kila kitu kizuri kuna mlango, na mlangoni kuna mtu wa kuonwa. Akiokoka, elimu hiyo anahama nayo mpaka kwa Mungu.

Mimi mlango naujua. Sijawahi kuwaeleza habari hii, na wazee wenzangu wa baraza wakiisoma watashtuka kidogo. Basi washtuke.

Kuanzia mwaka 1986 nilikuwa tarishi katika ofisi moja mjini, karibu na Posta. Ofisi siitaji. Kazi yangu ilikuwa kubeba mafaili, kuchemsha chai, na kukaa kwenye benchi nje ya mlango wa mkubwa. Mlango wa mninga, mzito, wenye kitasa cha shaba nilichokisugua kila Jumatatu kwa ndimu na majivu. Watu walifika tangu saa moja asubuhi, wengine wametoka Mkuranga na Kisarawe, bahasha ya kaki kwapani, viatu vimepakwa mafuta ya nazi ving'ae. Wakifika mbele ya benchi langu walivua kofia. Mbele ya tarishi!

Sasa sikieni. Mkubwa yule, wiki aliyohamia, aliniita ndani akaniambia Alhamisi ni siku ya watu. Anayekuja Alhamisi asiulizwe, aingie, na mlango usifungwe. Nikasema ndiyo mzee. Nikatoka, nikakaa kwenye benchi langu, nikaanza biashara.

Sikuwahi kumwambia mtu kwamba mlango umefungwa. Huo ungekuwa uongo, na mimi nilikuwa Mkristo. Nilikunja uso tu. "Mkubwa leo ana mambo mengi." "Ngoja nikaangalie hali ya hewa." Naingia na birika, natoka, natikisa kichwa, nakaa. Mtu anaelewa mwenyewe. Noti ya mia inapita chini ya bahasha, nami nainuka, nagonga kwa vidole viwili kwa heshima kubwa, namfungulia. Aliyeingia alitoka akinishukuru mimi. Aliyekosa alirudi Mkuranga akiwasimulia wenzake kwamba mkubwa wa ofisi ile ni mgumu, hapendi wanyonge. Nyumbani kwangu Alhamisi tulikula nyama.

Alhamisi moja, mchana, mkubwa alifungua mlango mwenyewe, amevua koti, akachungulia korido. Benchi lilikuwa tupu; wasio na kitu nilishawarudisha. Akaniuliza, taratibu kabisa, "Mbona watu siku hizi hawaji?"

Nikasema sijui, mzee.

Alisimama pale kidogo, akaangalia upande wa ngazi, akarudi ndani. Mlango aliuacha wazi.

Ndiyo maana nikiwaona watu wanaogawa namba mlangoni kwa Mungu sihitaji kuelezwa na mtu. Mtumishi yule wa upande wa pili simjui, na asiyemjua mtu asimhukumu. Ninachokijua ni benchi. Ili uuze mlango huhitaji kuufunga. Kukunja uso kunatosha.

Waraka kwa Waebrania uliandikiwa watu waliochoka. Waliwahi kunyang'anywa mali zao wakalipokea hilo kwa furaha, sura ya 10 inasema hivyo, lakini kufikia wakati wa barua mikono imelegea, magoti yamepooza, wengine wameacha hata kukusanyika. Mtu angetegemea mwandishi awaongezee mifungo. Yeye anawahesabia kwanza walicho nacho: tunaye kuhani mkuu aliyeingia katika mbingu. Tunaye. Hilo ndilo jibu la swali letu la mjini. Una mtu pale? Tunaye. Tena hayuko kwenye benchi la nje, yuko ndani, na aliingia na mwili kama huu wetu, uliowahi kusikia njaa na kulala fofofo kwenye mashua kwa uchovu. Biblia yetu ya Union inasema si kuhani asiyeweza "kuchukuana nasi". Neno hilo, kuchukuana, kwangu linatosha hubiri zima. Wanaochukuana ni wale ambao mmoja akiwa na kasoro yake, na mwenzake anaijua, bado asubuhi wanamimina chai kutoka birika moja.

Baada ya hapo ndipo anaposema basi na tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri. Nilipokuwa kwenye kozi ya wainjilisti mwalimu alitufundisha kwamba neno la Kiyunani pale ni parrhesia, na ndani yake kuna maneno mawili, "yote" na "kusema". Kusema yote. Kule Athene ilikuwa haki ya raia kusimama mkutanoni na kutoa lililo moyoni bila kumeza neno. Mtumwa hakuwa nayo. Kwa hiyo ujasiri huu hauna uhusiano na ukubwa wa spika. Binti anayemwambia Mungu kwa sauti ya chini, amejifunika shuka, kwamba anamwonea wivu mdogo wake aliyeolewa kabla yake, huyo ana ujasiri kuliko kaka anayekemea mpaka saa tisa usiku na lile moja linalomtafuna hajaligusa.

Wale wasomaji wa kwanza walielewa uzito wa jambo hili kwa sababu habari za hema na hekalu walizaliwa nazo. Patakatifu pa patakatifu paliingiwa na mtu mmoja, kuhani mkuu, siku moja ya mwaka, ya kumi ya mwezi wa saba. Damu ya ng'ombe dume kwanza kwa dhambi zake mwenyewe, kisha ya mbuzi kwa ajili ya watu, na moshi wa uvumba ufunike kiti cha rehema asije akafa. Yote yako kwenye Mambo ya Walawi sura ya 16. (Wahubiri tunapenda kuongezea kwamba alifungwa kamba mguuni ili akifa avutwe nje. Hata mimi nimewahi kuihubiri kamba hiyo, na watu wakatetemeka vizuri. Tafuteni, haimo katika Biblia. Zilizomo ni kengele za dhahabu kwenye upindo wa joho, Kutoka 28, na hata joho hilo si vazi ambalo Walawi 16 inamtaka aingie nalo siku ile. Aliingia na kitani tu. Mungu hahitaji tumwongezee vitisho.) Yesu alipokata roho, pazia la mahali hapo lilipasuka vipande viwili toka juu hata chini, na tangu siku hiyo hawajakosekana watu wenye sindano na uzi.

Msije mkasema babu amekataza kuombewa. Yakobo ameandika mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta, na mimi ni mzee wa kanisa, nimekwenda vyumba vingi vya Mbagala hii, mafuta yangu ni ya alizeti, nachota jikoni kwangu kwenye chupa ya dawa ya kikohozi iliyooshwa. Lakini angalieni pale kwa Yakobo anayetembea ni nani. Mgonjwa amelala kwake. Wazee ndio wanaokwenda, na nauli ni yao. Sisi tumeigeuza. Februari 2020 kule Moshi watu 20 walikufa kwa kukanyagana uwanjani wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Marehemu wale siwasemi vibaya, kila mmoja alitoka kwake na mzigo wake. Lakini walikimbia kama watu waliosikia kwamba yataisha.

Sasa nimgeukie mmoja wenu, bila jina. Wengi mtamjua, naye atajijua.

Mwanangu, tangu tumbo lianze kuonekana umeacha kuongoza maombi. Mkesha unakuja, lakini unakaa nje, kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na bomba, na ukiulizwa unasema ndani kuna joto. Feni zote mbili zinafanya kazi, mwanangu. Nimeulizia kama kuna aliyekufukuza, nikaambiwa hakuna, nami naamini. Umejigeuza tarishi wa mlango wako mwenyewe: unajikunjia uso, unajirudisha Mkuranga. Unangoja usafike kwanza, ndipo uingie. Soma tena mstari wenyewe. Tunakikaribia kile kiti "ili tupewe rehema". Aliyenyooka rehema ya nini? Lile la usharika lipo, silifichi, na baraza tutakaa nawe tuzungumze, na mimi nitakuwepo, na sauti haitapanda. Lakini hilo ni la usharika. Usilipachike kwenye mlango wa Mungu.

Nakwambia hivi kwa sababu ndoo hiyo nimeikalia. Baada ya lile swali la mkubwa sikuomba kwa sauti karibu miaka miwili. Kanisani nilikwenda, nilikaa nyuma ya nguzo, sahani ya sadaka ikipita naweka, wimbo najibu, ila zile noti za mia zilinikaa kooni. Nilikuja kumweleza Mungu yote siku ya Alhamisi, ndani ya basi la kurudi Mbagala, nimesimama, nimeshika bomba la juu, kwapa la mtu usoni. Sikuwa na mahali pazuri zaidi. Nilianza na neno "nimekula" nikaendelea mpaka Mtoni kwa Azizi Ali. Kesho yake nikaingia kwa mkubwa nikamwambia na yeye. Hakunifukuza kazi, alinihamishia masjala, na benchi likaondolewa. Hela za watu sikuweza kuzirudisha. Sikuwahi kuwauliza majina.

Na nyinyi mliomwona mwenzenu kwenye ndoo wiki sita mkakubali kwamba ni joto, hilo nitaliuliza Ijumaa.

Halafu msirukie upande wa pili. Kuna maombi mengine nayasikia kutoka kwenu yananisisimua vibaya. "Bwana, nakupa mpaka Jumatatu." Nani kampa nani? Barua ile ile inayosema tukaribie kwa ujasiri, mbele kidogo, sura ya 12, inasema Mungu wetu ni moto ulao, na mwandishi hakuona kwamba amejipinga. Mtoto wa nyumbani haombi ruhusa kuingia sebuleni, lakini hamtumi baba yake dukani.

Lililobaki ndilo zito, na hapo ndipo dalali anapotupatia. Kufika ni jambo moja, na kupata ni lingine.

Bibi yenu alilazwa mwaka 2014, figo. Wodini usiku ndugu hawakuruhusiwa, kwa hiyo nilikaa nje kwenye ngazi na chupa ya uji niliyopikiwa na jirani, wa ulezi, usio na sukari. Mnajua sifa yangu wakati ule. Nikisimama kuomba watu walitafuta mahali pa kuegemea. Usiku ule maneno yalikauka. Nilijaribu kuanza, "Ee Mwenyezi", ikaishia hapo. Taa ya korido ilikuwa inazima na kuwaka. Kama saa nane hivi nilifungua kifuniko nikagusa kwa kidole, nikajikuta nasema, "Bwana, uji umepoa."

Basi. Sikuweka hata amina. Nimeomba maombi mengi yenye mpangilio na yenye mistari ya Biblia, lakini mkiniuliza ni lipi nina hakika nalo, ni hilo la uji. Sikuificha hali yangu, sikuipamba, na sikuwa peke yangu pale kwenye ngazi. Zaidi ya hapo siwezi kuwaeleza.

Alifariki siku ya tatu, asubuhi.

Baadaye ndugu mmoja alikuja msibani akaniambia ningempeleka kwa fulani angepona. Nilimwekea chai. Lakini kuna mstari ambao tangu msiba ule sijamaliza kuusoma, Waebrania 5:7. Unasema Yesu, siku za mwili wake, aliomba kwa kulia sana na machozi kwa yule awezaye kumwokoa na kumtoa katika mauti, akasikilizwa. Akasikilizwa. Na msalabani akapanda, na kaburini akalazwa, na Jumapili ikaja kwa wakati wake, si kabla. Huyo ndiye mtu wetu wa ndani. Maombi yake yalifika kuliko ya mtumishi yeyote wa upande wowote wa jiji, na hakurushiwa njia ya mkato. Kwa hiyo kijana wangu wa bodaboda, uliyeombea pikipiki isichukuliwe na ikachukuliwa, usiseme haikufika. Rudi useme na hilo pia, kwamba imechukuliwa, na kwamba umekasirika. Ni sehemu ya kusema yote. Wewe nawe huwa unaniambia hujui kuomba, lakini nimekusikia ukiwaelezea wenzako kijiweni habari ya lile deni, neno kwa neno, na mikono juu. Omba hivyo hivyo.

Nimeambiwa daftari limefika laki moja na themanini elfu. Mwenye daftari asifadhaike, hajafanya kosa, ametumwa. Hela ni zenu. Ila yule mama wa maandazi anayetuletea chai ya mkesha ana kodi ya miezi miwili hajalipa, na mwenye nyumba ameshaanza kuja asubuhi. Kaeni mjadiliane, mimi sitapiga kura.

Ijumaa nitakuja, goti likiniruhusu. Saa tatu. Niwekeeni kile kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, nimekizoea, msinipishe kingine. Na ile ndoo iingizwe ndani kabla sijafika.

Babu yenu,
mzee wa kanisa, Mbagala